Somo: Kutyuni dizeli kwa laptopu, tukianza na Hilux ya 1KD

Wakuu, kila wiki napata ujumbe uleule: "Fundi, nitumie faili la Vigo la kuongeza nguvu." Silitumi, na si uchoyo. Faili lililopikwa kwa gari lenye nozeli mpya likiingia kwenye gari lenye nozeli zilizochoka, pistoni ndiyo inalipa. Badala ya faili, nawapa somo la kutyuni, yaani kubadilisha namba ndani ya faili la kompyuta ya injini ili gari liongeze nguvu.

Nimechagua 1KD-FTV kwa sababu imejaa barabarani kwetu na wengi mmeshaifungua: Hilux Vigo, Prado, Fortuner. Silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 2982, komoni reli ya Denso (reli moja ya dizeli ya presha kubwa inayolisha nozeli zote), tabo yenye mapezi yanayojifungua na kujifunga. Kwenye Hilux hutoka kiwandani na hospawa 163 au 171 kutegemea toleo, toki (nguvu ya kuzungusha) Nm 343, nyingine 360. Ukiielewa hii, Isuzu au Ranger haitakutisha. Majina ya ramani (yale majedwali ya namba ndani ya faili) yatabadilika, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Gari zima kwanza

Usifungue programu yoyote ya kuandika kabla hujachomeka Techstream (programu ya Toyota ya kupima gari) na kusoma injini ikiwa ya moto, iko sailensa (inazunguka bila kukanyaga mafuta), AC imezimwa. Tafuta zile safu nne za marekebisho ya nozeli, moja kwa kila silinda. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasikiliza mzunguko wa injini. Silinda ikiwa dhaifu inaiongezea dizeli, ikiwa na nguvu kupita wenzake inaipunguzia. Namba zikikaa kati ya -3 na +3 (milimita za ujazo kwa kila pigo) unaweza kuendelea. Kuna Vigo ililetwa kwangu "iongezwe nguvu" ikasoma hivi: -0.6, 0.4, 3.8, -2.9. Mwenye gari akasema mbona inavuta vizuri tu. Inavuta kweli, lakini silinda ya tatu inabebwa na wenzake, na ukiongeza dizeli juu ya hali hiyo unaongeza ugonjwa.

Halafu washa za shaba chini ya nozeli. 1KD ina sifa hiyo mbaya: zikianza kuvujisha, gesi ya moto inapanda, masizi yanaingia kwenye oili, na mwishowe yanaziba chujio la pampu ya oili kule chini ndani ya sampu (bakuli la oili). Injini inanoki kwa kukosa oili, lawama anabebeshwa aliyetyuni. Fungua kifuniko cha oili, chungulia. Ukiona ukoko mweusi mgumu kama lami iliyoungua, funga laptopu na utoe sampu.

Fita ya hewa, fita ya dizeli, mipira ya intakula (kipoza hewa ya tabo), klachi: haya mnayajua.

Hatua ya 2: Rekodi gari likiwa la kiwandani

Hapa ndipo wengi wanaruka, ndiyo maana hawajifunzi. Tafuta barabara tupu iliyonyooka, mtu wa pili ashike laptopu, wewe uendeshe tu. Gia ya tatu, mzunguko 1500 kwa dakika, kanyaga mpaka chini hadi 3000, achia. Rudia mara tatu. Unarekodi mzunguko, kiasi cha dizeli, presha ya reli inayotakiwa na inayopatikana, presha ya hewa kwenye menifodi, joto la hewa inayoingia na joto la maji.

Kitu kimoja Techstream haikupi kwenye magari yetu haya mengi: joto la moshi. Nunua geji, toboa menifodi ya ekzosi kabla ya tabo, funga kipimo. Menifodi itolewe kwanza ndipo itobolewe, chembe ya chuma ikiingia kwenye tabo umeshaiua. Bila geji hiyo unatyuni kipofu.

Mimi niko Iringa, kwa hiyo mtihani wangu wa joto ni mlima wa Kitonga, gari likiwa na mzigo. Si mahali pa kukimbiza, malori yamejaa. Unapanda taratibu kama mtu mwingine na kutazama geji inapanda hadi wapi na inakaa hapo muda gani.

Hatua ya 3: Soma faili, litunze

Soma faili la asili kwa kifaa chako, lisome tena mara ya pili, linganisha. Yakipishana hata baiti moja, kuna tatizo kwenye waya au kifaa. Yakilingana, nakala moja laptopu, nyingine kwenye flashi inayokaa nyumbani. Lipe jina lenye namba ya gari, tarehe na namba iliyoandikwa kwenye kontroli boksi, siyo "vigo mpya 2 final".

Wakati wa kuandika, chaja ya kushikilia volti iwe imefungwa kwenye betri. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliandika bila chaja, tena laptopu ikiwa imewekewa kulala baada ya dakika kumi. Ililala asilimia 60. Gari halikuwaka siku nne, mpaka kontroli boksi ikafunguliwa mezani na faili la asili kurudishwa kwa waya za moja kwa moja. Mwenye gari alikuwa anakuja kila asubuhi, anasalimia vizuri, anakaa kwenye kiti cha plastiki, hasemi kitu. Afadhali angetukana.

Hatua ya 4: Tafuta ramani

Fungua faili kwenye WinOLS, programu ya kuhariri mafaili haya. Utaona bahari ya namba. Kabla ya kukata tamaa, angalia mpangilio wa baiti. Boksi nyingi za Denso za kizazi hiki huweka baiti kubwa mbele. Chukua 0B B8: ukisoma kubwa mbele ni 3000, namba inayofanana na mzunguko wa injini. Ukiisoma kinyume ni 47115, takataka. Geuza mpangilio mpaka uone safu zinazopanda kwa utaratibu: 800, 1000, 1200, 1600... Huo ni mhimili wa mzunguko. Kinachofuata chini yake kwa kawaida ni ramani yenyewe.

Tazama kwa mchoro wa milima. Ramani ya kiasi cha dizeli kwa pedeli inapanda kama kilima cha chai. Kikomo cha toki ni mstari mmoja wenye nundu katikati. Kikomo cha moshi kinapanda kadiri hewa inavyoongezeka. Ramani ya presha ya reli inapanda kwa mzunguko na kwa dizeli. Chukua wiki mbili kutambua tu, bila kubadilisha hata namba moja. Linganisha na rekodi zako: ramani ikisema 70 pale ambapo rekodi inasema 70, umeipata.

Hatua ya 5: Hesabu ya hewa

Hii ndiyo nafsi ya kazi. Dizeli bila hewa ni moshi na joto. Tuseme rekodi yako inaonyesha presha kamili ya menifodi 220 kPa na hewa ya nyuzi 60. Uzito wa hewa hiyo: 220000 gawa kwa (287 × 333), ambapo 287 ni namba ya kudumu ya hewa na 333 ni nyuzi 60 kwa kipimo cha Kelvin, unapata kilo 2.30 kwa mita ya ujazo. Silinda moja ni lita 0.7455, kwa hiyo ikijaa kabisa ni gramu 1.72. Haijai kabisa, weka asilimia 87, unabaki na miligramu karibu 1490.

Dizeli inahitaji hewa mara 14.5 ya uzito wake ili iungue yote kwenye karatasi. Kwenye injini halisi, ukishuka chini ya 18 moshi mweusi unaanza kuonekana. 1490 gawa kwa 18 ni miligramu 83. Ukitaka usafi, gawa kwa 20: miligramu 75. Boksi inahesabu kwa milimita za ujazo, kwa hiyo gawa tena kwa 0.83: ni 100 au 90.

Sasa intakula iwe na vumbi na mafuta, hewa iingie na nyuzi 90 badala ya 60. Hewa inashuka mpaka miligramu 1370. Dizeli zileile 83 zinakutana na hewa mara 16.5 tu. Faili ni lilelile, gari la aina ileile, moja linavuta safi na lingine linafukiza kijiji. Ndiyo maana sitoi faili.

Watu wa nyanda za juu, sikilizeni. Dar hewa ya nje ina kPa 101. Iringa mjini ni kama 84. Kuifikisha 220, tabo ya Dar inabana hewa mara 2.2, ya Iringa mara 2.6. Inazunguka kasi zaidi, inachemsha hewa zaidi. Aliyekutyunia Kariakoo hakuiona hiyo.

Hatua ya 6: Badilisha kidogo

Asilimia 5 kwenye kikomo cha toki, kati ya mzunguko 1800 na 3000. Kikomo cha moshi kiguse pale tu ambapo hesabu ya hewa inaruhusu. Chini ya 1600 acha kama ilivyo, tabo haijaamka, utapata moshi na kugongesha konrodi. Lainisha kingo ili mlima usiwe na ngazi. Presha ya tabo, presha ya reli na muda wa kuanza kupuliza, viache kwa faili la kwanza.

Kuna njia ya mkato inayouzwa sana: kurefusha muda wa nozeli kufunguka bila kugusa vikomo. Boksi inaamini inapuliza 75, kumbe inapuliza 85. Gari linavuta, mteja anafurahi. Lakini vikomo vyote vya usalama sasa vinahesabu kwa namba ya uongo, na Techstream itamdanganya fundi atakayekufuata. Ukinunua gari lililotyuniwa, anza kwa kutafuta hilo.

Hatua ya 7: Andika, pima, rudi

Rekebisha cheksamu (jumla ya uhakiki ya faili), la sivyo boksi itakataa kuwasha. Andika, washa, subiri lipate joto, futa makosa, rudi barabara ileile, gia ileile. Joto la moshi likikaa juu ya nyuzi 700 kwenye mlima, punguza dizeli. 750 kwa sekunde chache nakubali. Presha halisi ya reli ikibaki nyuma ya inayotakiwa, pampu au fita inakuambia imechoka. Mzunguko ukipanda bila kasi kupanda, klachi imeshindwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Kahama: Mkuu, kuna kile kiboksi kidogo kinachomekwa kwenye waya wa sensa ya reli, bei rahisi. Si kinafanya kazi hiyohiyo?

Kinadanganya sensa. Boksi inaona presha ndogo kuliko ilivyo, inaiongeza. Ikifika MPa 160 kwenye skrini, ndani ya reli ni zaidi, na hakuna anayejua ni kiasi gani. Mtu akija nacho kwangu natoa kwanza ndipo tuongee.

Wa Moshi: Nikiziba EGR, nguvu si inaongezeka?

Ukikanyaga mpaka chini, EGR (vali inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) inakuwa imeshafungwa na boksi yenyewe, kwa hiyo nguvu ya juu haibadiliki. Unachokwepa ni masizi kwenye menifodi, na unachotoa hewani ni gesi mbaya zaidi. Itoe, isafishe pamoja na menifodi. Ni kazi chafu ya siku nzima, lakini gari linarudi kupumua.

Wa Mbagala: Fundi shikamoo. Mimi ndiyo naanza, vifaa halisi siviwezi. Kloni vipi?

Marahaba. Kloni, yaani kifaa cha kuiga, inaweza kusoma vizuri mara kumi ikaharibu ya kumi na moja, na ya kumi na moja ni gari la mtu. Usianze na gari. Nenda maduka ya spea za mtumba, nunua kontroli boksi ya 1KD ya gari lililogongwa, isome na kuiandika mezani mpaka mkono uzoee. Ikifa, umepoteza boksi chakavu. Ramani unaweza kujifunza kuzitambua kwa toleo la majaribio la WinOLS.

Wa Ohio, Marekani: Kaka, nina Duramax LBZ ya 2006. Hatua zako zinafaa huku?

Hesabu ya hewa inafaa, badilisha ujazo tu: lita 6.6 kwa silinda nane. Bahati yako vifaa ni rahisi. EFILive, ya watu wa New Zealand, inakuonyesha ramani za LBZ zikiwa na majina, huhitaji kuzisaka kama sisi. Inatoka na hospawa 360, na pistoni zake zinajulikana kupasuka ukizisukuma mbali sana, kwa hiyo geji ya joto ifungwe huko pia. Sheria ya hewa safi ya kwenu haina mchezo na anayezima mifumo ya moshi, usiiguse. Na Duramax ilizaliwa kwa ubia wa GM na Isuzu, kwa hiyo hujatoka mbali na nyumbani.

Wa Songea: Mafuta yatapungua kula?

Ukiendesha kama zamani, labda kidogo sana. Hakuna anayeendesha kama zamani wiki ya kwanza.

Wa Makambako: Nimefanya hatua ya 1 leo. Namba zangu: 0.9, -4.2, 1.7, 1.4. Kifuniko cha oili ni kisafi. Niendelee?

Hapana. Silinda ya pili inapunguziwa mno, nozeli yake inapuliza kuzidi au inadondosha. Kabla ya kununua, angalia kama kodi ya nozeli, zile herufi na tarakimu zilizochapwa juu yake, zimesajiliwa kwenye boksi. Mara nyingi mtu alibadilisha nozeli akasahau kodi. Zikiwa sawa na bado ni -4.2, hamisha nozeli ya pili kwenda silinda ya nne na ya nne kuja ya pili, washa za shaba ziwe mpya, sajili kodi upya, soma tena. Ikihamia ya nne, ni nozeli. Ikibaki ya pili, tupigie hapa na picha ya skrini nzima, siyo kipande.