Kupiga Linux kwa flashi pale draivu ya DVD ilipokufa

Naandika hili mara moja, nikiulizwa tena nawatumia hapa. Laptopu nyingi za mtumba zinazopita Ngamiani, hapa Tanga, mlango wa DVD haufanyi kazi: lenzi imeshiba vumbi, au inasoma sidii ya muziki lakini kuchoma haitaki kabisa. Mwenyewe anaanza kuzunguka mjini kutafuta draivu ya nje. Acha. Kuweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, flashi ya GB 8 inatosha.

Hatua ya 1. Hamisha vitu vyako vyote kwenye diski nyingine. Vyote.

Hatua ya 2. Pakua faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ya kusakinishia ndani ya faili moja. Kwa mashine za mtumba mimi nashauri Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, ile ya Xfce yenye mwonekano mwepesi: inataka RAM ya GB 2, ila ukiwa na 4 utafanya kazi kwa raha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Faili linakaribia GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Likishuka, lihakiki kabla ya kuendelea. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Ule mstari mrefu utakaotoka ulinganishe na ulioandikwa kwenye ukurasa wa Mint. Herufi moja ikitofautiana, faili halikushuka sawasawa, na usije kuniambia Linux mbovu.

Hatua ya 3. Kuandika flashi. Hapa ndipo watu wanapokwama, soma taratibu.

Kukopi ISO na kuipesti kwenye flashi HAKUFANYI flashi iwashe mashine. Unakuwa umehifadhi faili tu, kama unavyohifadhi picha. Linatakiwa liandikwe na programu ya kazi hiyo. Kwenye Windows tumia Rufus: chagua flashi juu, chagua ISO, bonyeza START. Ikikuuliza aina ya uandishi, kubali ile inayopendekezwa. Kila kilichokuwa kwenye flashi kinafutika, kwa hiyo usiazime flashi ya mtu yenye mitihani ya wanafunzi wake.

Sasa onyo. Ukiandikia kwenye Linux kwa amri ya dd, inayomwaga faili moja kwa moja kwenye diski, andika kwanza lsblk uone diski zote na ukubwa wake. Flashi ya GB 8 itaonyesha kama 7 na ushee. Diski ya ndani itaonyesha mamia. Flashi ikiwa sdb, unaandikia /dev/sdb, si /dev/sdb1. Ukiteleza ukaweka sda, ambayo mara nyingi ndiyo diski ya ndani, dd haiulizi “una uhakika?” Inaanza kazi palepale, na ikifika hapo hakuna fundi wa Barabara ya 12 wala wa Dar atakayekurudishia kila kitu. Chomoa diski nyingine zote za nje kabla ya kuanza. Soma ukubwa kwa sauti ikibidi. Ikimaliza, andika sync, inayomalizia kuandika kilichobaki, usubiri irudi, ndipo uchomoe.

Hatua ya 4. Ukitaka Windows ibaki pembeni, zima Fast Startup (ile ya kuwaka haraka, ambayo haizimi Windows kabisa) ndani ya Windows kwenyewe, la sivyo Linux itakuta diski imefungwa nusunusu. Kama kuna BitLocker, kufuli la diski la Windows, hifadhi ufunguo wake nje ya mashine hiyo.

Hatua ya 5. Zima, chomeka flashi, washa huku unagonga kitufe cha menyu ya kuwasha. HP: Esc kisha F9. Dell na Toshiba: F12. ThinkPad: F12. Asus nyingi: Esc. Acer: F12, ila mara nyingi uiruhusu kwanza ndani ya F2. Flashi ikijitokeza mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine; ya zamani huitwa Legacy), chagua inayofanana na Windows yako ilivyowekwa (andika msinfo32 uangalie BIOS Mode). Ukizichanganya, utamaliza salama halafu mashine isikuonyeshe chaguo la Windows.

Hatua ya 6. Linux itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti, mwanga wa skrini. Ukiridhika, bonyeza Install. “Erase disk” inafuta kila kitu, “alongside” inaweka pembeni ya Windows. Laptopu iwe kwenye chaji na betri inayokaa. Kama ni ya mezani na umeme siku hiyo unachezacheza, ahirisha.

Hatua ya 7. Iwashe upya, chomoa flashi ukiambiwa.

MASWALI

Wa Pongwe: Nimefuata kila kitu haikubali.
Jibu: Haikubali nini? Mashine gani? Skrini imeandika nini?
Wa Pongwe: HP. Inaingia Windows tu.
Jibu: Ukifungua flashi ndani ya Windows unaona nini?
Wa Pongwe: Naona faili moja la ISO.
Jibu: Hatua ya 3, aya ya pili, sentensi ya kwanza. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Dada wa Chumbageni: Kaka, samahani. Faili hili lilitengenezwa kwa ajili ya diski ya kuchoma. Flashi inalielewaje?
Jibu: Swali zuri hilo, dada. Mpangilio wa diski hizo, ISO 9660, unaacha baiti 32,768 za mwanzo bila kuzitumia. Watengenezaji wa Linux wanaweka humo rekodi ya kuwashia, ileile ambayo BIOS, programu ya kuwashia mashine, huitafuta mwanzo wa diski ngumu. Faili moja, milango miwili: likichomwa kwenye DVD linasomwa kama DVD, likiandikwa kwenye flashi linasomwa kama diski ngumu. ISO za Windows hazina rekodi hiyo, ndiyo maana ukiziandika kwa dd haziwaki.
Dada wa Chumbageni: Kumbe! Ndiyo sababu baadaye Windows inaniambia flashi inataka kufomatiwa?
Jibu: Ndiyohiyo, hasa ikiandikwa kwa dd. Haitambui kilichomo. Kataa. Ukimaliza kazi, fungua Rufus, chagua Non bootable, START, flashi inarudi kama zamani.

Wa Muheza: Bosi nina mashine ya biti 32, yenye prosesa ya zamani, Mint inakataa.
Jibu: Mint ya kawaida iliacha biti 32 tangu toleo la 20. Jaribu matoleo mengine ya Linux: antiX, au Debian 12. Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32, usipoteze bando.

Mwenye steshenari: Flashi yangu ni ya GB 64, niliuziwa elfu tano stendi. Inaandika vizuri, ikiwaka inaleta makosa katikati.
Jibu: Kwa bei hiyo, nina shaka GB 64 ziko kwenye kava tu. Ipime kwa H2testw ndani ya Windows, au f3 kwenye Linux. Zinajaza flashi kisha zinasoma tena zione kilichobaki.
Mwenye steshenari: Imetoka GB 7.
Jibu: Basi una flashi ya GB 7. Rudi nayo stendi.

Wa Raskazoni: Nimesoma yote. Hiyo draivu ya DVD iliyokufa niiache tu mle ndani?
Jibu: Itoe. Kwenye laptopu nyingi ni skrubu moja chini, inavutika. Nafasi yake unaweka kedi, kile kifremu cha kubebea diski ya pili, unafunga SSD, diski ya kisasa yenye kasi, humo. Pima unene kabla ya kununua: kuna za milimita 12.7 na za 9.5. Na ukiweza, SSD iende mahali pa diski ya zamani, ile ya zamani ndiyo ihamie kwenye kedi, kwa sababu baadhi ya mashine hazikubali kuwaka kutoka upande wa DVD.
Wa Raskazoni: Yangu ni 9.5. Kava la mbele nalitoa la zamani?
Jibu: Ndiyo, limebanwa na vijino vya plastiki. Tumia kadi ya simu iliyoisha, usitumie bisibisi.