Jinsi ya kuendesha ibada ya jioni nyumbani, kila mtu na tabia yake

Wanaume wenzangu wa jumuiya huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: nitawakalishaje watu wa nyumba yangu mbele za Mungu kila jioni, ikiwa huyu anasinzia, yule yuko kwenye simu, na mama mzazi akishaanza kuomba hamalizi? Wengi wanangoja nyumba itulie ndipo waanze. Nyumba haitatulia. Anza na watu ulio nao, pamoja na tabia zao, na uipange ibada kwa kuwafuata wao. Ndio Bwana aliokupa uwachunge.

Kwetu Pasua, hapa Moshi, tuko sita: mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, mke wangu anauza mitumba soko la Memorial, tuna watoto watatu, na mama yangu aliteremka kutoka Old Moshi miguu ilipoanza kumsumbua. Haya ninayoyaandika ndiyo tunayoyafanya.

Sisi Walutheri hasa hatuna pa kujificha. Luther alipotoa Katekisimo Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, juu ya sehemu zake kuu aliandika kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wake, kwa njia nyepesi. Mchungaji ana usharika mzima. Baba ana meza moja. Na kabla ya Luther kulikuwa na Kumbukumbu la Torati 6:7: "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako." Shika maneno yote mawili, bidii na wepesi. Nyumba nyingi zina bidii ya wiki moja, kisha ibada inakuwa nzito na inakufa.

Muda na mahali

Ifunge ibada kwenye jambo linalotokea kila siku hata usipotaka. Kwetu ni chakula cha jioni. Sahani zikishaondolewa mezani, hakuna anayenyanyuka. Tunaanza, na tunamaliza kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Kama kwenu mnakula saa tatu na watoto wanakuwa wameshalala, fanyeni kabla ya kula, sufuria ikiwa bado jikoni. Dakika kumi na tano zinatosha. Mtoto wa darasa la pili akijua ibada ina mwisho, atakuja mwenyewe.

Televisheni izimwe kwenye swichi ya ukutani. Ukiinyamazisha tu, picha zinaendelea na macho ya watoto yanazifuata. Simu zote ziwekwe juu ya kabati la vyombo, na ya baba itangulie. Ukiibakiza ya kwako mfukoni kwa sababu bosi anaweza kupiga, binti yako naye atakuwa na sababu yake.

Mama yangu ana namna yake ya kutunza Biblia. Imefungwa ndani ya kipande cha kanga, na ndani ya kanga kuna kitabu cha nyimbo za kanisa chenye jalada alilolishona mwenyewe kwa uzi mweusi, na miwani iliyofungwa kamba ya kuning'iniza shingoni. Fundo la ile kanga hulifungua polepole, kwa vidole vinavyomuuma, na hataki kusaidiwa. Kisha huikunja kanga mara mbili, huiweka magotini, huvaa miwani, halafu hututazama. Watu wa haraka wangeona hapo dakika zinapotea. Sisi tumelifanya fundo hilo kuwa kengele yetu: akianza kulifungua, watoto wananyamaza, likifunguka, tunaimba. Sijawahi kuhitaji kusema "kaeni kimya." Tazama nyumbani kwako nani ana jambo la namna hiyo, jambo ambalo analifanya kila siku vilevile, kisha lianzishe ibada.

Wimbo

Wimbo mmoja kwa wiki nzima, beti moja au mbili. Jumatatu mnausoma, Alhamisi mnaukumbuka nusu, Jumapili hata asiyejua kusoma anauimba kwa moyo. Anayechagua wimbo hubadilika kila wiki, na akichagua usioupenda, imba. Sauti aianzishe mwenye sauti ya chini. Kwetu ni mama, maana mimi nikianzisha huwa napandisha mno na watoto wanakwama kwenye kiitikio. Mwenye Tenzi za Rohoni atumie hizo. Karibu kila dhehebu la Kiprotestanti linazijua, na mgeni ataweza kushiriki.

Kusoma

Hapa ndipo akina baba wanapozidisha. Chukua Injili ya Marko, sura kumi na sita, yenye mwendo wa haraka na mambo yanayotendeka. Usisome sura nzima. Soma tukio moja, mistari kumi hadi kumi na tano, na usimame tukio linapoisha hata kama sura haijaisha. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya mitume. Ukimaliza Marko, Ruthu ina sura nne na Yona nne, na watoto huvipenda vyote viwili. Orodha za vizazi na sheria za Walawi ziache hadi watakapokua. Jioni ambayo kila mtu amechoka hoi, soma Zaburi 117. Ina mistari miwili tu.

Asiyejua aanzie wapi anaweza kufuata masomo ya kila siku yaliyo kwenye kalenda ya Kanisa. Ni njia nzuri, ila kwa watoto wadogo mimi naona hadithi inayoendelea kesho inawashika zaidi kuliko somo jipya kila siku.

Anayesoma ni kila anayejua kusoma, kwa zamu. Mtoto wetu wa kati mikono yake haijui kutulia. Hukunja waya, hufungua skrubu za kiti, huchezea kizibo cha chupa. Nimempa kazi: ndiye anayegawa vitabu, ndiye anayeweka utepe mahali tulipofika, na umeme ukikatika ndiye anayeshika tochi. Akimaliza kugawa, namwachia waya wake. Nikimuuliza aliyepooza alishushwa kwa njia gani, anajibu bila kuinua macho kwamba walitoboa dari, tena anaongeza kwamba mwenye nyumba lazima alikasirika. Masikio yake yapo yote. Usimpokonye mtoto kitu cha mkononi kama hakina kelele.

Baada ya kusoma, maswali mawili yanatosha: nani alifanya nini, na wewe ungekuwa pale ungefanya nini? Watoto wakiuliza lao, jibu kwa ufupi. Usilolijua, mpe mtoto kazi ya kulipeleka kwa mwinjilisti mwenyewe Jumamosi jumuiya inapokutana. Atalikumbuka jibu hilo kuliko yote uliyowahi kumpa wewe.

Kuomba pamoja

Mdogo atangulie, kwa sababu ndiye anayesinzia kwanza. Kitindamimba wetu humshukuru Mungu kila jioni kwa mbuzi wa babu yake mzaa mama, hata yule mbuzi alipokwisha kuuzwa. Hatumrekebishi. Akilala baada ya hapo, namwacha alale mapajani kwangu.

Mke wangu ni mtu wa Kibosho, amelelewa Mkatoliki, na tulipofunga ndoa alikuja na ishara yake ya msalaba. Huomba amesimama, mkono mmoja juu ya kiti cha mtoto, na huanza kwa ishara hiyo. Mwanzoni mama alinung'unika kwamba kwetu hatufanyi hivyo. Nilimweleza kwa heshima: "Mama, Luther mwenyewe kwenye Katekisimo aliagiza sala ya asubuhi na ya jioni zianze kwa ishara ya msalaba." Alikaa kimya siku kadhaa. Sasa wajukuu wote wanafanya, na yeye huwasahihisha wakikosea bega. Kama mmeoana kutoka madhehebu mawili, msianze kwa kupunguza. Chunguzeni kwanza, mara nyingi mtakuta mababu zenu walikuwa na jambo hilohilo kabla hamjagawana.

Mama ndiye mwenye sala ndefu. Huutaja ukoo mzima kwa majina, walio hai, wagonjwa, walioko masomoni, na yule ambaye hajaonekana nyumbani Krismasi nyingi. Kumkatisha mzee katika maombi ni kumvunjia heshima, na kuwafunga watoto hapo nusu saa ni kuwafundisha kuichukia sala. Mimi nilimwendea mchana, si mbele ya watoto, nikamwambia, "Mama, naomba utugawie ukoo kwa siku, wajukuu wapate kuwajua ndugu zao." Alipenda sana. Jumatatu ni wa Old Moshi, Jumanne ni wa Dar es Salaam, Jumatano ni shangazi na watoto wao, na kuendelea. Kila jina analisindikiza na neno moja la kumtambulisha, kwa hiyo watoto wangu wanajua ukoo wao kuliko nilivyoujua mimi kwa umri huo. Na baada ya Baba Yetu watoto wanaruhusiwa kuondoka. Yeye huendelea, na anayetaka kubaki hubaki naye.

Kuhusu kijana asiyetaka kuomba kwa sauti nataka niseme kwa uzito. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha pili, amepata kipaimara, na haombi mbele za watu. Kusoma anasoma vizuri, kuimba anaimba, lakini ikifika zamu ya kuomba anainamisha kichwa na machozi yanamlenga. Wapo watakaokwambia umlazimishe, kwamba ni kiburi. Usimlazimishe. Kwetu huandika sala yake kwenye kipande cha daftari, hukikunja mara nne, na hukiweka kwenye kopo la majani ya chai lililo mezani. Mama yangu hukitoa, hukishika kati ya viganja vyake viwili bila kukifungua, na huomba: "Bwana, haya yaliyoandikwa humu wayajua." Basi. Kisha karatasi inarudi kwa mwenyewe.

Sharti lake ni moja: wewe baba usiisome ile karatasi kamwe. Usiisome ikidondoka, wala ukiikuta kwenye mfuko wa sketi wakati wa kufua, wala ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto. Ukiwa na wasiwasi, muulize yeye. Siku atakayojua umeisoma, kopo litabaki tupu, na utakuwa umemfunga mdomo mbele za Mungu pia.

Kuna jambo jingine linaloua ibada za nyumbani nyingi, nalo ni baba kugombeza ndani ya maombi. "Bwana, umwone huyu aliyeshindwa hesabu, umwone na huyu anayerudi nyumbani usiku." Watoto wanaelewa kwamba hapo huzungumzi na Mungu. Ya matokeo ya shule na utoro yana wakati wake, kabla ya chakula au kesho yake, mkiwa wawili. Mezani, mtaje mtoto kwa shukrani au kwa uhitaji wake tu.

Na jioni ambayo wewe na mke wako mmekwaruzana, usiongoze. Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Nendeni uani mmalizane, hata kama chakula kitapoa. Ikishindikana, mwombe mzee wa nyumba aongoze, nawe ukae uitikie.

Kufunga

Mimi siwezi kukaa nikiwa sijakagua makomeo. Ni tabia ya kazi. Stoo ikiibiwa usiku, huulizwa mtunza stoo. Kwa hiyo nayakagua yote kabla ya kuketi mezani, geti, mlango wa uani, na dirisha la jikoni, nisikae na masikio nje wakati neno linasomwa. Tunafunga kwa Zaburi 4:8, ambayo wote tunaijua kwa moyo: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara, maana Wewe, BWANA, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Luther naye, baada ya sala ya jioni, aliagiza mtu aende kulala mara moja kwa furaha. Kwa hiyo baada ya hapo hakuna kukumbushana madeni wala kazi za kesho.

Ukisafiri, usiendeshe ibada kwa simu. Mwachie mke wako, au kijana aliyepata kipaimara, nawe upige baadaye umuulize mdogo walisoma nini. Mgeni Mwislamu akiwapo, mwambie mapema, kabla ya chakula, kwamba tuna desturi hii na yuko huru kukaa nasi au kupumzika barazani. Shemeji yangu mmoja hukaa, akiwa kimya na mikono yake magotini. Usimhubirie kwa kupitia maombi. Mwombee safari njema na afya ya watoto wake.

Wiki ya kwanza usijaribu haya yote. Chukua wimbo mmoja, mistari kumi ya Marko, na Baba Yetu. Kopo, zamu na mgawanyo wa ukoo vitakuja vyenyewe utakapowatazama watu wako wakiwa wameketi. Jioni mkikosa kwa msiba, kwa mgonjwa, au kwa gari lililochelewa kutoka Arusha, msifidie kesho yake kwa kusoma mara mbili. Fungueni pale utepe ulipo, msome ya siku hiyo.