Ukate bima ya ng'ombe wa maziwa au hela ibaki kwako? Tulivyoamua mimi na jirani yangu, Mtwara

Novemba, hela za korosho zilipoingia, jirani yangu hapa Mangamba alinunua mtamba chotara mwenye mimba. Alitoa shilingi 2,500,000, hakubakiza hata ya kuezekea banda. Wiki haijaisha akaja na karatasi ya wakala wa bima. "Dada, hii nilipe au naibiwa?" Tulikaa nayo jioni mbili. Naandika tulivyofanya, maana mimi yalishanikuta kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 1: Soma kwanza yasiyolipwa

Bima ya mifugo kwa kawaida inalipa ng'ombe akifa. Watu wanaifikiria kama bima ya afya, kwamba mnyama akiumwa unaonyesha kadi. Sindano, nauli ya daktari na maziwa uliyokosa ni juu yako.

Kwenye karatasi ya jirani, yasiyolipwa yalikuwa wizi bila banda kuvunjwa, njaa, sumu iliyotokana na uzembe, na ugonjwa wowote ndani ya siku 21 za mwanzo. Hiyo ya sumu kwetu si ndogo. Mwezi wa sita na wa saba mikorosho inapuliziwa dawa, na majani ya chini yake ndiyo hayohayo tunayokata. Je, mwenye shamba akipulizia bila kukwambia, ni uzembe wa nani? Nilimwambia aulize kwa ujumbe wa simu, ajibiwe kwa ujumbe wa simu, asiufute.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa daftari lako

Bei ilikuwa 5% ya thamani kwa mwaka, na kwenye kila hasara mwenye ng'ombe anabeba 10%. Kwa hiyo analipa 125,000, na ng'ombe akifa anapata 2,250,000. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata 18. Maana yake ukifuga ng'ombe 18 kwa mwaka mmoja, au wawili kwa miaka 9, akafa mmoja tu, umetoka sare na kampuni. Wakifa zaidi ya hapo, bima imekubeba.

Sasa fungua daftari. Mimi nimefuga miaka 9, wastani ng'ombe wanne, hivyo 36. Nimepoteza watatu. Mmoja ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, mmoja alikwama kuzaa, mmoja wezi walimtoa usiku, na huyo wa wezi asingelipwa. Wanabaki wawili kwa 36, yaani mmoja kwa 18. Sare! Lakini yule wa ndigana alikufa kabla sijaanza kuchanja. Ukimtoa, bima kwangu ni ghali mara mbili ya hatari yenyewe.

Jirani yangu hana daftari na ana ng'ombe mmoja. Wangu mmoja akifa, watatu bado wanakamuliwa. Wake akifa, banda ni tupu mpaka korosho za mwaka ujao, na korosho nazo zinategemea bei ya mnada. Hesabu ileile kwangu inasema acha, kwake inasema kata. Mwenye wanne kwenda juu namshauri atenge hizo 125,000 kwa kila kichwa kwenye akaunti asiyoigusa. Kwa ng'ombe wanne, miaka mitano ana ng'ombe mzima benki.

Hatua ya 3: Kupe kwanza

Ogesha, na usitumie bomba lililopulizia korosho hata ulioshe mara kumi. Chanja ndigana kali. Ni mara moja tu na kinga inadumu. Chanjo inakaa kwenye naitrojeni ya maji na ikishayeyushwa lazima itumike siku hiyohiyo, hivyo daktari hafungui kwa ndama mmoja. Kusanyaneni. Kama hela inatosha kitu kimoja tu kati ya chanjo na bima, chanja.

Hatua ya 4: Jifunze kudai kabla hujalipa

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima na miezi mitatu juu yake.

Ilikuwa Machi, mvua ya usiku kucha. Ng'ombe wangu mwenye bima alikwama na ndama, daktari yuko Nanyamba na bodaboda hazitembei. Alfajiri ng'ombe yupo chini, macho yanageuka. Mjomba akasema lile ambalo mzee yeyote wa huku angesema: "Mpwa, wahi kisu, asife kibudu." Mchinjaji akaja, akasoma bismillahi, na kufika saa mbili asubuhi majirani wanapimiwa nyama. Nilipata 600,000 nikaona nimeokoa.

Saa tano nikapiga simu ya bima. "Umemchinja? Basi hajafa, umemchinja."

Wakataka ruhusa ya kuchinja, ripoti ya daktari, picha na hereni yake ya namba. Ruhusa sikuomba. Hereni ilikuwa sikioni, sikio kichwani, na kichwa nilishamuuzia muuza supu. Nilimkuta sokoni saa sita, kichwa kimeshababuliwa moto, masikio hayapo. Hereni alimpa mwanawe, mtoto kaifunga kwenye spoku za baiskeli. Ilikuwa imeyeyuka upande, namba nne za mwisho tu ndizo zinazosomeka. Nililipwa, lakini walikata hela ya nyama kwenye fidia, na daktari nilimfuata mara tatu aandike kwamba ng'ombe asingepona.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya kukata bima piga picha ya hereni, kisha linganisha namba na mkataba tarakimu kwa tarakimu. Ng'ombe akizidiwa, simu iende kabla ya kisu. Wapigie bima na daktari, na daktari akisema chinja, mwombe akutumie neno hilohilo kwa ujumbe. Dakika tano hazimfanyi mnyama kibudu. Kichwa kisiuzwe mpaka hereni iwe mkononi mwako, nawe umeshampiga picha kabla na baada ya kuchinjwa.

Akifa mwenyewe, mpige picha mzima, hereni ionekane. Mfunike kwa makuti kivulini, maana kwa joto letu ikifika adhuhuri tumbo limejaa na daktari hatambui kitu. Majirani watakwambia uzike upesi. Wasubirishe mpaka daktari amemwona. Akihitaji vipimo, maabara ya mifugo ya TVLA ipo hapahapa Mtwara.

Halafu hili, na sitanii: ukiona damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usimpasue, usimchune, usikate hata sikio. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Fidia ikipotea, na ipotee. Weka watoto na mbwa mbali, mwite daktari, yeye ana namna ya kuchukua damu kidogo bila kumfungua.

Hatua ya 5: Hakiki anayekuuzia

Kampuni na wakala wote wawe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, si namba ya simu ya wakala, hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Ukinyimwa fidia na huridhiki na sababu, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na mbwa je?

Nimeulizwa. Kwa mbwa wa ulinzi sikushauri hata uanze kutafuta bima. Mchanje kichaa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi halmashauri huchanja kipindi hicho.

Jirani alikata. Tulipolinganisha hereni na mkataba, namba ya tano ilikuwa 8 sikioni na 3 kwenye karatasi. Wakala akacheka akasema haina shida. Tukamwambia airekebishe kwanza ndipo alipwe, akaja na karatasi mpya keshokutwa yake. Mtamba amezaa jike mwezi huu. Ndama hatujamkatia, tunamsubirishia chanjo ya ndigana. Daktari anataka angalau ndama ishirini ndipo afungue dawa, nasi tumefika kumi na mmoja, kwa hiyo mwenye ndama Mangamba au Naliendele amwone daktari wa kata aandikishwe.