4–20 mA, HART au Modbus? Namna ya kuchagua kabla hujavuta waya

Mdogo wangu mmoja kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza alinipigia akitaka kujua afunge sensa gani: tangi la maji, presha ya amonia na vyumba vinne vya baridi. Nilichomwambia ni hiki.

Hatua ya 1: Hesabu pointi. Pointi moja au mbili za kuwasha na kuzima pampu? Funga 4–20 mA (sensa inatuma kipimo kama mkondo wa umeme, miliampia 4 hadi 20), usijisumbue. Tangi la mita 5 likiwa nusu, utasoma 12 mA. Waya ukikatika unasoma 0, na kwa kuwa tangi tupu ni 4, unajua papo hapo kwamba panya wameshapita.

Hatua ya 2: Sensa ikiwa mahali pabaya kufikika, ongeza HART, yaani ishara ya kidijitali ya kuongea na sensa. Inapita kwenye waya uleule wa 4–20, kwa hiyo ile ya amonia unairekebisha ukiwa kwenye paneli. Hakikisha saketi ina angalau omu 250, la sivyo kifaa cha mkononi hakitaisikia. Usiitegemee kusoma data mfululizo. Biti 1200 kwa sekunde ni mwendo wa kobe.

Hatua ya 3: Pointi nyingi, Modbus RTU (lugha ya kidijitali ya vifaa) juu ya RS-485 (laini ya waya mbili, A na B). Vyumba vinne, kebo moja. Mimi ndiyo naipenda, ila ndiyo iliyowahi kunilaza kazini.

Sensa mbili za karibu zilisoma, za mbali zikawa zinakuja na kupotea. Nikabadilisha sensa, nikabadilisha kebo, nikageuza A na B (geuza nawe, maana watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi). Saa nne usiku ndipo nikazima umeme na kuweka multimita kati ya A na B: omu 24. Ilitakiwa 60 hivi, yaani rezista mbili za 120, moja kila mwisho wa laini. Kumbe kila sensa ilitoka kiwandani na kiswichi chake cha rezista kimewashwa. Nne, pamoja na ya upande wa PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo), tano. Nikazima tatu za katikati, zote zikasoma.

Kwa hiyo pima kabla ya kulaumu sensa. Ukipata 120, mwisho mmoja hauna rezista; ukipata 40, kuna moja imezidi. Kebo ipite kifaa hadi kifaa, isitawanyike kama matawi. Na kwa radi za ziwa hili, nunua kigeuzi cha RS-485 chenye aizolesheni, yaani kinachotenganisha umeme wa pande mbili. Cha bei rahisi utakinunua tena masika.

Na IO-Link, njia nyingine ya kidijitali ya kuunganisha sensa? Nzuri kwenye mashine ya kufungashia, lakini kebo yake mwisho mita 20.

Hatua ya 4: Ukitumia Modbus, soma rejista moja kwanza, yaani kijisanduku cha namba ndani ya sensa. Kitabu kikisema 40001, programu nyingi zinataka uandike 0. Chumba kikiwa nyuzi -18 nawe unaona namba ya ajabu, badilisha mpangilio wa rejista mbili zinazobeba namba ya desimali.