Engaruka kwa siku mbili: namna ya kupanga safari ya magofu usije ukaishia kuona mawe tu

Wengi wanaoniuliza kuhusu Engaruka wanaanza na gari, "Noah inafika?" Hilo ntalijibu chini huko, ila swali linalotakiwa kutangulia ni hili: ukifika utaangalia nini? Maana haya magofu sio ya Kilwa, hamna msikiti, hamna tao wala nguzo, kuta nyingi hazikufiki hata kiunoni na kwingine ni mstari tu wa mawe umefunikwa na majani makavu, kwahiyo mtu anatoka Dar kabisa, anashuka garini, anapiga selfi mbili, anasema "kumbe ni mawe" halafu anarudi kwenye kiyoyozi. Mi natembeza wageni njia hii ya Mto wa Mbu mpaka Ziwa Natron na ninachowaambia wote ni kitu kimoja, fuata maji. Ukianzia mtoni ukashuka na mfereji utaelewa kila jiwe lilikuwa linafanya kazi gani, ukianzia kwingine umeliwa.

Kwa ambao hawajawahi kusikia: Engaruka ipo wilaya ya Monduli, Arusha, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, nyanda za juu za Ngorongoro zikiwa zimesimama nyuma yake. Kuanzia kama karne ya 15 palikaa wakulima ambao mpaka leo hamna anayejua kwa uhakika walijiitaje. Walijenga vijiji saba kwenye miteremko, na chini yake mashamba ya umwagiliaji yanayokaribia kilomita za mraba 20, yote kwa mawe makavu, hamna saruji hamna udongo wa kugandisha. Karne ya 18 hivi wakaondoka. Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo 1883 akaandika kuhusu mawe aliyoyaona, Louis Leakey akaja kuchimba 1935 akakadiria waliishi watu zaidi ya 30,000, waliokuja baada yake wakaishusha sana hiyo namba. Basi, historia nyingine utaimalizia kule kule ukitembea.

Hatua ya 1: Mwezi kwanza, tarehe baadaye

Juni mpaka Oktoba ndo wakati wenyewe. Majani yamekauka, mistari ya mawe inaonekana, makorongo hayana maji. Masika, yaani Machi mpaka Mei, achana nayo, sio kwa sababu ya kulowa, ni kwa sababu ya makorongo: njia inakatiza makorongo ambayo asubuhi ni mchanga mtupu na jioni mvua ikinyesha juu milimani maji yanashuka kwa kishindo wakati wewe uliko kuna jua kali, na hapo hakuna dereva mjanja, mnakaa mnasubiri yapungue. Novemba na Desemba za vuli ni bahati nasibu. Januari na Februari inaendeka ila joto lake jiandae nalo.

Hatua ya 2: Lala huko, hata usiku mmoja

Kwenda na kurudi siku moja kutoka Arusha inawezekana, na madalali wa safari watakuuzia hivyo. Hesabu mwenyewe: Arusha mpaka Mto wa Mbu ni karibu kilomita 120 za lami kupitia Makuyuni, hapo unaacha barabara ya Karatu unakunja kulia kama kilomita 60 kupitia Selela. Ukitoka saa 12 asubuhi unafika saa 4 au 5, jua liko utosini, mawe na ardhi vina rangi moja, huoni kitu. Mistari ya mashamba inaonekana jua likiwa chini, asubuhi sana au jioni, kwa sababu kila jiwe linatupa kivuli chake, na uwanda ambao mchana ulikuwa kama jangwa unajichora wenyewe miraba miraba mpaka mbali. Kwahiyo panga hivi: siku ya kwanza safari taratibu, chakula cha mchana Mto wa Mbu, mfike Engaruka saa 9 au 10 alasiri, mzunguke kidogo jioni, mlale. Siku ya pili saa 12 kamili mko njiani kwa miguu.

Malazi ni ya kawaida tu, kuna sehemu za kupiga hema na gesti za hali ya kijijini. Anayetaka bwawa la kuogelea alale Mto wa Mbu, ila ajue atatakiwa kuamka saa 9 usiku.

Hatua ya 3: Gari

Haya, Noah. Kiangazi, dereva mzoefu, mizigo michache, inafika. Ila tumbo la gari litakwaruzwa na utakuwa unashuka kusukuma kwenye mchanga, sasa kama gari ni ya kukodi fikiria mwenye gari atasemaje. Gari ya juu yenye forwili ndo inakupa amani. Cha msingi kuliko aina ya gari ni tairi la spea, na simaanishi "lipo", namaanisha umelishika ukaona lina upepo, umeona jeki, umeona spana inayoingia kwenye nati za gari hiyo hiyo. Fanya ukaguzi huo Arusha kabla hujalipa hata senti, mwambie dereva afungue nati moja ukiwa unaangalia, akianza kusema "bosi usijali" ndo ujali.

Bajeti ikiwa ndogo kuna gari za abiria zinazoenda upande huo, ulizia stendi Arusha au pale Mto wa Mbu siku moja kabla, maana muda wa kuondoka ni ikijaa. Bodaboda kutoka Mto wa Mbu nayo ipo, ni vumbi kilomita zote hizo, ukichagua hiyo vaa miwani na funga kitambaa puani, na elewaneni kabisa kama anakusubiri au anakuja kukuchukua kesho yake.

Mafuta jaza Mto wa Mbu. Full. Mbele huko yanauzwa kwenye chupa za maji.

Hatua ya 4: Hela, risiti na mageti

Toa keshi Mto wa Mbu. Mbele mawakala wapo lakini leo ana floti kesho hana, na mtandao wenyewe unakuja na kuondoka, pakua ramani ya kutumia bila intaneti ukiwa bado mjini.

Malipo yako ya aina mbili na watu wanayachanganya. Kuna ya halmashauri au serikali, getini, hayo yanatoka na risiti ya mashine au kontrol namba, na Mtanzania halipi sawa na mgeni kwahiyo beba kitambulisho. Halafu kuna ya kijiji na ya kijana anayekutembeza, hayo mnaongea. Mtu akikusimamisha njiani akataka hela bila risiti, mwambie kwa upole twende ofisi ya kijiji tukaandikishane, mara nyingi habari inaishia hapo. Bei siandiki, zinabadilika, piga simu kwa unayemfahamu upande huo wiki ya safari.

Droni iache nyumbani kama huna kibali mkononi.

Hatua ya 5: Mtu wa kukutembeza

Hapa usibane hela. Magofu hayana vibao vya kueleweka, na hao vijana wa Engaruka Juu wamechunga mbuzi humo tangu wadogo, wanajua mfereji unapotokea na unapopotelea. Ila kupata mzuri kuna namna yake. Usimuulize "unajua magofu?" kila mtu atasema anajua. Muulize, "Maji yalikuwa yanaingiaje shambani?" Anayekwambia njoo nikuonyeshe pale juu, huyo mchukue. Anayeanza na hadithi za majitu makubwa yaliyobeba mawe, mshukuru, endelea kuuliza.

Salamu nazo. Watu wa hapo wengi ni Wamaasai, ukimsalimia mwanaume "supai" atakujibu "epa", mama unamwambia "takwenya" anajibu "iko". Mzee akiwepo msalimie yeye kwanza kabla ya kijana unayemtaka, shikamoo pia inapokelewa vizuri. Dakika tano za kusalimiana hazijawahi kuharibu ratiba ya mtu.

Hatua ya 6: Begi

Maji lita tatu kila mtu na sio utani. Viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu, miba ya migunga inatoboa ndala kama karatasi na chini ya mawe kuna nyoka, wanapenda kivuli kama wewe. Kofia, tochi, pawabenki, dawa zako, kitu cha kutafuna. Sweta jepesi la alfajiri. Basi, koti la Kilimanjaro acha.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Anzieni mtoni, pale mto Engaruka unapotoka kwenye korongo lake kwenye ukuta wa bonde. Huu mto unatiririka mwaka mzima, vijito vingine jirani vilivyotumika zamani leo ni vya msimu tu. Simama hapo uangalie mbele: upande mmoja mlima wa kijani, upande mwingine uwanda mkavu mpaka macho yanachoka. Bila mto huu hamna mtu angelima hapa, mvua haitoshi.

Sasa mwambie kijana akuonyeshe mfereji wa zamani kwenye mteremko. Mwanzoni utaona mstari wa mawe tu, chuchumaa. Jicho likiwa usawa wa mawe utaona mstari haushuki na mlima, unakata mlima kwa ubavu, unateremka kidogo kidogo mno, inatosha maji yatembee lakini yasikimbie yakabomoa. Hawakuwa na pima maji ya fundi, huenda walitumia maji yenyewe kupima. Mi hapa huwa nawaacha watu wakae kimya kidogo wauangalie.

Fuata huo mstari mpaka mashambani. Utakuta viraba vidogo vimegawanywa kwa mawe, kimoja chini ya kingine. Ingia ndani ya kimoja, chota udongo kwa vidole: laini, karibu hauna kokoto, wakati hatua mbili nje ya mstari ni changarawe. Hii sio bahati. Watafiti waliochimba wameonyesha kwamba sehemu nyingine wakulima waliweka mawe kwanza, wakaruhusu maji ya matope yaingie, tope likatuama, wakapata shamba. Yaani walikuwa wanautengeneza udongo wenyewe. Yale malundo makubwa ya mawe unayoyaona huku na huku watu husema makaburi, mengi ni mawe yaliyookotwa shambani yakarundikwa pembeni.

Baada ya hapo ndo mpande vijijini, mguu ukiwa bado una nguvu na jua halijawaka, yaani kabla ya saa 3. Huko juu ni viwanja vya nyumba vimechimbwa kwenye mteremko, nyuma mlima, mbele ukuta wa mawe uliopangwa vizuri na uwazi wa kuingilia. Kwenye uchimbaji wa humo ndani zilipatikana punje za mtama zilizoungua. Geuka uangalie chini: kila nyumba inaona shamba na inaona mfereji. Jirani akichepusha maji usiku unajua asubuhi, na ugomvi huo bado upo, nenda katikati ya migomba na mahindi ya Engaruka ya leo uulize zamu ya maji ni ya nani, utapata kesi nzima.

Kwanini waliondoka? Wapo wanaosema maji yalipungua, wapo wanaosema ni kuja kwa Wamaasai, wapo wanaowahusisha na Wasonjo wa kule magharibi ya Natron ambao mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji. Mi binafsi naegemea kwenye maji, ila mwachie na kijana wako aseme lake.

Saa 5 muwe mmeshuka. Baada ya hapo unateseka bure.

Hatua ya 8: Mawe yabaki

Usipande juu ya kuta, hazina kitu cha kuzishika zaidi ya uzito wake, jiwe moja likitoka linafuatana na wenzake. Usiokote kigae wala kipande cha chungu, kuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964 na inauma. Picha za watu omba kwanza, za watoto omba kwa mzazi.

Hatua ya 9: Mnarudi au mnaenda Natron?

Hapa ndo watu wanaharibu safari. Wanaona ramani, wanaona Ngare Sero, kijiji cha karibu na Ziwa Natron, iko kama kilomita 60 tu mbele, wanasema tupande na mlima Oldoinyo Lengai. Lengai unaupanda kuanzia usiku wa manane, una mita 2,962, na ukishuka huna miguu ya kitu kingine. Ukitaka vyote ongeza usiku mmoja Ngare Sero kwa ajili ya ziwa na flamingo, na mwingine kwa ajili ya mlima, ukijua pia kuna mageti mengine ya halmashauri mbele na kila moja lina malipo yake. Kama mna siku mbili tu, saa 7 mchana geuzeni gari, mle ndizi nyama Mto wa Mbu, kabla giza halijakaa vizuri mko Arusha.