Jinsi ya kuomba pasipoti na viza mwenyewe kwa safari ya kwanza nje ya nchi, ukiwa Dar es Salaam

Anayesafiri na kikundi ana mtu wa kumjazia fomu, wa kumkumbusha picha na wa kumsemea mbele ya afisa. Ukienda peke yako kazi hizo zote ni zako, lakini hakuna hata moja inayodai ujuane na mkubwa fulani. Inadai mpangilio, na karatasi zisizopingana. Mpangilio ninaoushauri ni huu: karatasi za nyumbani, pasipoti, nchi, viza, chanjo, kisha tiketi. Wengi huanza na tiketi kwa sababu wameona ofa. Iache ofa ipite, zitakuja nyingine.

Anza na majina

Kabla hujafungua tovuti yoyote, toa kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi wako mmoja, uvisome herufi kwa herufi. Maombi mengi hukwama hapa. NIDA imeandika Mwanaidi Juma Salum, cheti kimeandika Mwanahidi Juma, barua ya mwajiri ina Salumu yenye "u" mwishoni. Mtaani kwenu wote wanajua ni mtu yuleyule, ila afisa wa dirishani hakai mtaani kwenu. Kosa likiwa kwenye cheti, nenda RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Likiwa kwenye kitambulisho, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Kama jina ulilibadili ukubwani, utatakiwa hati ya kiapo ya kubadili jina iliyosajiliwa. Maliza haya kwanza, maana marekebisho hayana haraka na wewe.

Kama kadi ya NIDA haijatoka, namba yake unaweza kuitumia. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Zikitofautiana na cheti, umeshajua pa kuanzia.

Kuhusu mzazi: wazee wengi waliozaliwa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa. Badala yake huandaliwa kiapo cha kuzaliwa mbele ya hakimu au wakili. Mzee akiwa Kigoma au Masasi mpigie simu mapema, kwa sababu bahasha itakuja na basi, na kabla ya bahasha atataka kwanza kujua unakwenda wapi na kwa nani.

Pasipoti

Maombi huanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, immigration.go.tz. Pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa mwaka 2018. Ya kawaida hudumu miaka 10 na gharama yake yote ni shilingi 150,000, ambapo 20,000 ni ya fomu na hulipwa kwanza. Mfumo hukupa control namba, nawe unalipa benki au kwa simu. Anayekuambia umtumie hela kwenye namba yake binafsi ili "akusukumie faili" ni kishoka, hata awe amevaa tai na kusimama hatua mbili kutoka getini.

Wengi hujaziwa fomu stesheneri. Hakuna ubaya kama huna kompyuta, ila kaa pembeni ya anayejaza na utumie baruapepe yako na simu yako. Vijana wa stesheneri wana mazoea ya kuweka baruapepe ya duka, na siku ujumbe wa kukuita ukiingia huko, wewe utabaki unasubiri nyumbani. Angalia pia kisanduku cha jina la ukoo. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu, na jina utakaloliweka hapo ndilo litakaloandikwa kwenye tiketi na viza kwa miaka yote kumi.

Fomu ikishachapwa, ambatanisha picha kwa vipimo vilivyoelekezwa, vivuli vya vyeti na ushahidi wa sababu ya safari, kisha uipeleke mwenyewe. Kwa mkazi wa Dar, ofisi ya mkoa iko Kurasini. Huwezi kumtuma mdogo wako, kwa sababu alama za vidole huchukuliwa palepale. Beba nakala halisi zote, wahi asubuhi, na ukiulizwa unakwenda kufanya nini jibu kwa sentensi moja.

Chagua nchi kwa kuangalia karatasi zake

Kwa safari ya kwanza ningekwenda pasipo na viza. Pasipoti ya Tanzania inakuingiza Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia bila viza. Afrika Kusini hutoa hadi siku 90. Malaysia na Singapore hutoa siku 30, na zote mbili hutaka ujaze kadi ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Watu hudhani Asia yote ni ya viza ngumu, kumbe Kuala Lumpur haihitaji hata upange foleni ubalozini, wakati Dubai wanayoizungumzia kila siku inataka viza.

Viza, kwa mfano wa Schengen

Nachukua Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi, na ukiyamudu hayo, fomu za nchi nyingine hazitakutisha.

Ombi hupelekwa kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, peleka kwa nchi utakayoingilia. Usiende ubalozi fulani kwa sababu umesikia "hawa hawana shida". Ratiba yako itakuumbua. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila yanaweza kufika siku 45, kwa hiyo miezi miwili kabla ni muda wa kulala usingizi. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukinyimwa. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko. Bima ya safari ifike yuro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen.

Sasa fedha. Hapa watu hujidanganya sana. Mtu anakopa milioni kadhaa kwa shemeji, anaziweka benki Jumatatu, anachukua taarifa ya akaunti Jumatano. Afisa haangalii salio la mwisho peke yake, anasoma mwendo: nini huingia kila mwezi, nini hutoka, na mzigo huu wa juzi umetoka wapi. Akaunti yenye kiasi cha wastani kinachoingia kwa utaratibu inasemea mtu vizuri kuliko mamilioni ya siku mbili. Kama kweli shemeji ndiye anayegharamia, asiwe siri: aandike barua, aambatanishe taarifa yake ya akaunti na maelezo ya undugu wenu.

Mwajiriwa ataongeza barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe za likizo. Mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye hela zake nyingi hupita kwenye simu na mkononi, apeleke leseni ya biashara, cheti cha TIN, uthibitisho wa kulipa kodi na taarifa ya miamala ya simu, vyote kwa jina lilelile. Duka likiwa kwa jina la kaka, eleza kwa maandishi.

Kisha andika barua ya maelezo, ukurasa mmoja. Wewe ni nani, unakwenda kuona nini, utalala wapi kila usiku, nani analipa, na kitu gani kinakurudisha Dar. Ukisafiri bila kikundi, barua hii ndiyo inayosimama mahali pa kiongozi wa msafara, kwa hiyo usiinakili kwa rafiki. Tarehe zake zilingane na buking ya hoteli, bima na barua ya likizo. Kwa ndege peleka buking tu. Kulipia tiketi kabla ya viza ni kucheza bahati nasibu.

Siku ya miadi alama za vidole huchukuliwa, na ukiomba tena ndani ya miezi 59 kwa kawaida hutumika zilezile. Ukinyimwa utapewa sababu kwa maandishi, na una haki ya kukata rufaa. Soma sababu kabla ya kuomba upya na karatasi zilezile.

Chanjo na tiketi

Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Chomwa kwenye kituo kinachotambuliwa. Kadi ya kununua mtaani ni kosa la jinai na haikukingi na ugonjwa. Hata kama nchi unayokwenda haimdai anayetoka Tanzania, angalia njia: nchi nyingi humdai aliyekaa zaidi ya saa 12 uwanjani Nairobi au Addis Ababa.

Njia hiyohiyo iangalie kwa viza. Mtanzania anayebadilisha ndege London anahitaji viza ya kupita, hata kama hatoki nje ya uwanja. Tiketi ya bei ndogo mara nyingi inaficha kitu cha namna hiyo.

Uwanjani

Ndege nyingi za nje huondokea Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere. Fika muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, na foleni ya Barabara ya Nyerere uihesabie muda wake. Chapa kila kitu kwenye karatasi, simu huzima. Afisa wetu atakuuliza unakwenda wapi na unarudi lini, na msichana anayesafiri peke yake kwenda nchi za Ghuba ataulizwa zaidi, kwa sababu ya biashara ya kusafirisha watu. Usikasirike, onyesha tiketi ya kurudi na hoteli.

Ukifika, kabla hujaondoka dirishani, soma muhuri: tarehe, na idadi ya siku ulizopewa. Zikiwa pungufu, uliza palepale. Kwenye nchi za Schengen kumbukumbu ya kuingia imeanza kuwekwa kwenye mfumo wa kielektroniki badala ya muhuri tangu Oktoba 2025, kwa hiyo tunza kipande cha tiketi ya kuingilia na uhesabu siku zako mwenyewe: 90 ndani ya kila 180, na siku ya kufika imo.