Jinsi ya kuandika hadithi fupi ya familia ya viumbe wa angani, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa anayeandika kuhusu mgeni wa angani anayelelewa na familia ya Uyole, Mbeya. Andaa kaunta buku na kalamu mbili za rangi tofauti. Rasimu ya kwanza usiiandike kwenye simu, maana simu hujisahihishia viambishi (vile vipande kama ki- na a- vinavyotangulia neno), na hadithi hii inasimama juu ya viambishi.

1. Mgeni anatoka wapi
Chukua mahali pa kweli. Titani, mwezi wa Zohali, panatosha: baridi ya nyuzi -179 hivi, maziwa (wingi wa ziwa) ya metani iliyo kimiminika, siku moja karibu siku 16 zetu, mwaka miaka 29 na nusu. Sheria za nyumbani zinatoka humo. Mtoto wao akiambiwa "kesho", atangoja wiki mbili na ushee. Bibi yake akipelekewa shikamoo kwa redio, marahaba haiwezi kurudi kabla ya saa mbili kupita.

Usimhusishe na Kimondo cha Mbozi. Kile ni chuma chenye nikeli, Titani ni barafu na mwamba.

2. Atalala wapi
Hata sakitu ya uwanda wa juu wa Kitulo mwezi wa Juni kwake ni tanuri. Mlaze kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ule wa kutunzia mbegu wa mtaalamu wa uhimilishaji (upandishaji wa mbegu) wa ng'ombe. Humo ni nyuzi -196 na metani huganda kwenye -182, kwa hiyo asizamishwe. Aning'inizwe juu, penye mvuke. Naitrojeni hupungua kila siku. Anayeamka kuijaza ndiye mzazi, na hapo ndipo ugomvi wa ndugu uanzie.

3. Ngeli
Hapa ndipo hadithi nyingi hufia, kwa hiyo usiharakishe.

"Kiumbe" lina ki-, lakini chenye uhai hupatanishwa kwa a-/wa-: kiumbe huyu amelala, viumbe hawa wamelala. Mhusika anayemwogopa mgeni aseme "kile kinapumua". Aliyemkubali aseme "huyu anapumua". Badiliko hilo litokee mara moja tu, penye tendo: shangazi anajaza mtungi usiku, asubuhi anasema "amelala vizuri". Usilifafanue. Ukieleza kwamba shangazi amempenda, umelifuta.

Likitokea kwa bahati mbaya ukurasa wa pili, hadithi imeshavuja. Zungushia kila ki- rangi moja na kila a- rangi ya pili, mstari kwa mstari. Msimulizi naye achague upande mmoja asiuhame. Asipofanya hivyo msomaji hajui nani kabadilika.

Kisha majina ya undugu. Ukibuni neno, tuseme "lumo", usiandike "lumo wangu". Hivyo linasikika kama sungura wangu. Shangazi yangu, kaka yangu, ndugu zangu: kwa hiyo "lumo yangu amefika, lumo zangu wamefika". Herufi moja inamtoa bandani na kumwingiza ukoo.

Kama viumbe hawana jinsia, a- haitakusaliti. Shangazi na mjomba watakusaliti. Tumia mzazi, mlezi, mjukuu, ndugu.

4. Mgogoro
Uwe wa nyumbani: nani analipia naitrojeni, nani ataketi naye msibani. Vita vya sayari viache.

5. Kusoma
Msomee mtu kwa sauti, bila kumwonyesha karatasi. Mwulize ni wapi mgeni alianza kuwa mtu. Akitaja mstari mwingine usiokuwa ule wa shangazi, rudi hatua ya 3.